Heri ya Pasaka kutoka bustanini

Ndugu, jamaa na wapenzi wa michoro, Bwana asifiwe. Na wenzetu tuliofuturu nao mwezi uliopita, asalamu aleikum. Poleni na mvua, na hongereni kwa kuifikia sikukuu hii mkiwa wazima.

Mwaka huu wa 2026 Pasaka imeangukia tarehe 5 Aprili, katikati ya masika. Jumatatu ni mapumziko, Jumanne ni Kumbukumbu ya Karume. Kwa mtu anayeshinda ghalani akihesabu magunia na kufika nyumbani Chanika giza limeshaingia, mapumziko ya namna hii ni neema kubwa, na nayapokea kwa mikono miwili.

Wanaochora kwa rangi ya mafuta wanaujua vizuri msimu huu. Unapaka usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, asubuhi; jioni ukiugusa bado unanata. Tabaka la pili haliwezi kupanda juu ya rangi mbichi, na nukta ndogondogo za manyoya ya kanga ukizilazimisha zinatanuka na kuingiliana. Ukiwasha taa, kumbikumbi hao! Wananasa kwenye ubao, wanaacha mabawa, nawe unayachomoa moja moja kwa ncha ya sindano huku umezuia pumzi usije ukauchubua mgongo wa twiga.

Lakini mvua hiyohiyo ndiyo inayoifanya bustani iende. Wakati ubao unakauka, mimi niko nje na jembe. Matembele hayataki makuu: unakata kikonyo cha urefu wa shibiri, unakilaza kidogo na kukifukia kwenye tuta, vifundo viwili vikiwa chini ya udongo, na baada ya siku chache kimeshika. Mchicha ndani ya mwezi mmoja uko sufuriani. Cha muhimu ni tuta liinuke, maji yasituame yakaozesha mizizi. Nimeuzoea mpangilio huu kiasi kwamba sioni tena kama ubao na jembe vinagombania muda wangu. Masika yenyewe yanapanga zamu.

Kuhusu kazi ya mshahara, marafiki huniuliza kwa upendo nitaiacha lini ili niwe msanii kamili. Namkumbuka mzee wetu Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kule Tunduru. Kabla ya sanaa yake kushika alikuwa mtumishi wa nyumbani hapa Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, kwa rangi za kawaida za dukani juu ya hadibodi, na alifanya kazi Muhimbili pia. Alifariki mwaka 1972. Miaka michache tu, na mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake. Ni nani atasema hakuwa msanii kamili? Mimi mshahara wa ghalani ndio unaoninunulia makopo ya rangi. Zaidi ya hapo, unaniruhusu nichore kitu ambacho hakuna mteja aliyekiagiza.

Na ndicho ninachochora Pasaka hii. Injili ya Yohana inasema kaburi la Yesu lilikuwa ndani ya bustani, na kwamba Maria Magdalena alipomwona asubuhi ile alidhani ni mtunza bustani. Kila mwaka nikisikia somo hilo kanisani moyo unanienda mbio. Aliyefufuka hakudhaniwa kuwa mfalme wala askari. Alidhaniwa kuwa kibarua aliyewahi kazini alfajiri. Basi nimemchora amekunja suruali, miguu ina tope jekundu, nyuma yake matuta ya matembele na mpapai mmoja. Maria nimemvika khanga. Nyuso zao bado, maana rangi ya ngozi inasubiri usuli ukauke, na mawingu ya Pugu hayana dalili ya kuondoka.

Kwa hiyo nawatakia Pasaka yenye amani, ninyi mnaoshika zamu hospitalini na kwenye malindo wakati sisi tunapumzika, mnaouza mboga sokoni, mnaochora usiku watoto wakishalala. Waliofiwa mwaka huu, Mungu awafariji. Wa karibu, Jumatatu mchana karibuni Chanika: pilau ipo, na kila mtu ataondoka na fungu la matembele pamoja na vikonyo vya kwenda kupanda. Njooni na mabuti, njia ya kuingia kwetu ina tope.