Zai, mpigie Mama Mdogo kabla ya Alhamisi

Zaituni wangu,

Salaam aleikum. Habari za Juba, habari za joto, mtoto mzima? Huku Tororo tuko, mvua imeanza, Mama Sifa amejifungua mvulana tena, hayo mengine nitakwambia siku ingine. Nisamehe kwa kimya. Ile sauti yako ya dakika tisa nimeisikiliza mara tatu na kila nikitaka kujibu naona maneno ni mengi, ndo maana leo nimekaa chini niandike.

Kuna kitu ulikuwa unakirudia rudia: lile donge la titi la Mama Mdogo lilikuaje haraka vile, Idi ndogo halikuwepo, Idi kubwa limeshakuwa kama ndimu, si kuna mtu nyuma yake? Zai, hakuna mtu. Hajati wa kule chini hakufanya kitu, tumwache mama wa watu. Nasema hivyo kwa sababu nimeona.

Unajua kile kipande cha nyama walichomkata kilikaa wiki sita kwenye maabara moja ya Kampala, leo rangi imeisha, kesho mashine mbovu, mpaka siku moja nikalia kwenye simu na yule dada wa mapokezi akanyamaza tu. Majibu yalipotoka daktari akajua na mi ni mtu wa maabara, akanisogezea hadubini nitazame mwenyewe. Seli za kawaida kwenye ile rangi zinabaki kibuluu tu. Za Mama Mdogo kila moja imezungushiwa mstari mzito wa kahawia, pande zote, zimeshikana, yaani ukitazama ni wavu wa banda la kuku la Nalongo kabisa. Wanatoa alama kuanzia 0 mpaka 3+. Yeye ni 3+. Ule mstari wa kahawia ndio jibu lako.

Ngoja nikueleze vile nilimweleza yeye, kwa kidole chake. Unakumbuka mwezi wa Ramadhani alijikata akimenya matoke, hapa kwenye shahada, damu mpaka kwenye sinia? Baada ya siku kumi kovu jembamba tu limebaki. Nikamuuliza, hiyo ngozi ilijuaje kufunga? Akasema Mungu. Nikamwambia ndiyo, na Mungu aliweka utaratibu. Damu ikiganda, vile visahani vidogo vya damu vinamwaga protini ndogo ndogo zinazoitwa vichocheo vya ukuaji. Protini hiyo haiingii ndani ya seli. Inafika nje, pale kuna kipokezi kinangoja, kichwa chake kiko nje, shingo imepenya utando wa seli, mkia uko ndani. Ikishika kichwa, vipokezi viwili vinasogeleana na kushikana, halafu kila kimoja kinabandika fosfeti kwenye mkia wa mwenzake. Basi. Habari imeingia ndani na aliyeileta hajavuka mlango.

Ile mikia ikishabandikwa, protini za ndani zinakuja kuishika, na hapo ndo habari inaanza kukimbia. Kuna moja inaitwa Ras, hiyo inawashwa, inaiamsha Raf, Raf inaiamsha MEK, MEK inaiamsha ERK, na ERK inaingia mpaka kwenye kiini na kufungua jeni za kuanza kugawanyika. Seli inanakili DNA yake yote, inakuwa mbili. Na wakati huohuo kuna njia ingine inaenda kwenye nyuzi za aktini, zile zinazoipa seli umbo, na hii mi ndo inanishangaza kuliko zote. Seli inatoa kama unyayo mbele, inashika chini, inajivuta, inaachia nyuma, inasonga. Nilionyeshwa video chuoni, seli za ngozi zimetambaa kutoka kingo mbili za mkwaruzo mpaka zikakutana katikati, nikasahau hata kwenda kula. Kidole cha Mama Mdogo kilifungwa hivyo, seli zimeongezeka na zimetembea. Na kazi ikiisha seli inavimeza vile vipokezi, inavisaga, kimya kinarudi.

Sasa titi. Kuna kipokezi cha ukoo huohuo kinaitwa HER2, na ule mstari wa kahawia ndio huo, rangi imekishika hicho. Hiki hakijulikani kuwa na mjumbe wake mwenyewe, kiko wazi muda wote kimekaa tayari kushikana na mwenzake, na tena ni kigumu kumezwa. Seli yenye afya ina nakala mbili tu za jeni yake. Za Mama Mdogo jeni hiyo imejirudia mara nyingi, kwa hiyo badala ya vipokezi makumi ya maelfu, seli moja inaweza kuwa navyo hata milioni 2. Vimesongamana, vinagusana vyenyewe, amri ya gawanyika na tembea inatoka usiku na mchana na hakuna aliyejikata. Ndo lile donge la ndimu. Na ndo maana daktari alikimbilia kutazama kwapani kama zimeshafika huko, sababu amri ya pili ni kutembea.

Si yeye peke yake, Zai. Kati ya wanawake 100 wenye saratani ya titi, kama 15 mpaka 20 wako hivyo. Hakuna aliyewaroga wote hao.

Halafu jambo moja nimpe mtu sifa yake. Hivi vichocheo vilijulikana kwa sababu ya mama mmoja wa Italia, Rita Levi-Montalcini, Myahudi, wakati wa Mussolini walimfukuza chuo akafanya utafiti chumbani kwake kwa mayai ya kuku. Baadaye huko Marekani akafanya kazi na Stanley Cohen, naye Cohen akadunga vipanya vilivyotoka kuzaliwa majimaji ya tezi za mate, macho yakafunguka siku ya 7 badala ya wiki ya pili. Vipanya tu kufungua macho mapema! Mtu mwingine angepita, yeye akauliza kwa nini. Mwaka 1986 wakapewa Nobel wote wawili. Huwa nawafikiria tukiwa kwenye teksi na Mama Mdogo saa tisa usiku, tumepita Iganga, ameniegemea begani.

Turudi kwenye shida yenyewe. Dawa anayopewa, trastuzumabu, ni kingamwili inayokwenda kukikalia hicho hicho HER2 upande wa nje, inakizuia na inawaita askari wa mwili waje. Kila wiki tatu, mwaka mzima. Amepata tano. Ya sita ilikuwa wiki mbili zilizopita na hakwenda. Alijifungia chumbani akasema hana homa, nywele zimeanza kurudi, na kuna mtu sokoni amemwambia dawa hiyo inaua moyo.

Sitaki nikudanganye wala sitaki umdanganye yeye. Neno la moyo lina ukweli. Msuli wa moyo nao unatumia HER2 kujitunza, kwa hiyo ukikifunga kipokezi huku, kule moyo unaweza kulegea. Ndo sababu ya eko, kile kipimo cha picha ya moyo, kila miezi mitatu, na mara nyingi ukilegea wanasimamisha dawa na moyo unarudi vizuri. Lakini yeye eko ndo ameikataa kabisa, anasema ugonjwa uko kwenye titi, moyo wanautafutia nini? Amechanganya mambo, kipimo cha kumlinda amekiona ndio ushahidi kwamba dawa inaua moyo. Nimemweleza mpaka sauti imekauka. Mi kwake ni mtoto wa jirani, ananisikiliza kwa adabu, halafu analala. Wewe alikunyonyesha mama yako alipougua. Wewe ukiongea anakaa wima.

Kwa hiyo naomba umpigie, si meseji, umpigie, kabla ya Alhamisi, sababu Alhamisi ndo wamempa nafasi ya eko na wakiona moyo uko sawa wanamrudishia sindano. Mwanzie kwenye kidole. Ile habari ya kidole aliielewa, alikuwa anakitazama kile kovu na kuligusa gusa, akaniuliza, "Kwa hiyo yangu ya huku ndani imesahau kunyamaza?" Nikashindwa kujibu vizuri. Anza hapo.

Na usimtaje Hajati, tafadhali, walikutana kisimani juzi wakasalimiana vizuri.

Sasa na wewe niambie. Unakuja mwezi ujao au ile safari imekufa? Ile presha yako unapima? Baba Hamisi amepata ile kazi ya gari au bado wanamzungusha? Na ile laini yako ya Uganda bado iko hewani, sababu Mama Mdogo namba za nje huwa hashiki? Ukimpigia jioni ndo vizuri, baada ya Isha, akishamaliza kusali anakaa barazani na simu mapajani. Nauli ya kwenda hospitali ya Mulago, Kampala, ninayo, usitume kitu.

Wako,
Halima