Kwa Afisa Elimu wa wilaya yetu: kuuza miwani kunasomewa

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: WANAFUNZI WA PCB (FIZIKIA, KEMIA NA BAIOLOJIA) NA FANI YA OPTOMETRIA (KUPIMA MACHO NA KUANDAA MIWANI)

Mwezi uliopita nilialikwa shule moja ya sekondari wilayani kwako kuzungumza na wanafunzi kuhusu kazi yangu. Daktari aliyenitangulia aliulizwa maswali mpaka muda ukamwishia. Zamu yangu ilipofika, kijana wa kidato cha tano akanyoosha mkono: "Kwani kuuza miwani nako kunasomewa?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, ila swali nilirudi nalo nyumbani.

Kunasomewa. Hospitali ya KCMC Moshi wanafundisha, na majirani zetu wana vyuo vikuu vya Masinde Muliro kule Kakamega, Kenya, na Makerere pale Kampala, Uganda. Fizikia yake ni ileile ya kupinda kwa mwanga waliyoianza kidato cha tatu, safari hii ndani ya jicho la mtu. Unashika retinoskopu, kifaa cha mkononi cha kumulika jicho, unapitisha mstari wa mwanga juu ya mboni. Mwanga unaorudi kutoka ndani ya jicho ukikimbilia upande unakokwenda mkono wako, unaweka lenzi ya kujumlisha (+). Ukienda kinyume, ya kutoa (−). Unabadilisha hadi mwendo upotee na mboni iwake yote kwa mpigo. Halafu kwenye jibu unapunguza dayopta 1.50 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), kwa kuwa umekaa sentimita 67 kutoka kwa unayempima. Ukisahau kuipunguza, mtoto wa watu anaondoka na miwani inayomtia ukungu akitazama ubaoni. (Mwaka wa pili nilisahau, mara mbili.) Kwa njia hiyo unampima hata mtoto wa miaka miwili asiyejua herufi.

Kazi zipo hospitalini, kwenye kliniki binafsi na kwenye karakana za kukata lenzi. Wapo pia wanaohudumia watu wenye uoni hafifu, wakiwemo wanafunzi wenye ualbino ambao darubini ndogo ya mkononi huwasaidia kusoma ubao. Na anayependa mwanga lakini hataki wagonjwa, Mkongo wa Taifa wa mawasiliano nao ni mwanga uliofungiwa ndani ya uzi wa kioo, na unahitaji mafundi. Sitamdanganya mtu kwamba ajira za serikali zinamwagika. Lakini Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 wanashindwa kuona vitu vya karibu kwa sababu ya umri tu, na hawajapata miwani inayowafaa.

Shuleni pale nilionyeshwa sanduku la lenzi na prisma. Utepe wa dukani ulikuwa haujakatwa. Mwalimu anaogopa zisivunjike, na simlaumu, maana zikivunjika atadaiwa yeye.

Ninachoomba ni waraka wako mfupi kwa wakuu wa shule, kwamba vifaa vya mwanga vitumike na kikivunjika kimoja mwalimu asikatwe mshahara. Mimi nina seti ya zamani ya lenzi za kupimia, nitaizungusha shule kwa shule siku za Ijumaa, nauli juu yangu. Na yule kijana nimemwahidi kumpima macho. Alikuwa akikunja uso kila alipotazama ubao.

Wako katika kazi,
Mtaalamu wa optometria, wilayani