Wauguzi vishoka: tuoneshwe leseni

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu wauguzi vishoka wanaopita majumbani kuchoma watu sindano na kuwatundikia dripu. Lawama mmewatupia wananchi, kwamba hatuulizi. Tuulize nini? Mwezi uliopita nilimpeleka mama mkwe zahanati moja ya mtaani kusafishwa kidonda. Ukutani palikuwa na cheti chenye fremu ya dhahabu; niliposogea kukisoma, kumbe ni cha kuhudhuria semina ya siku mbili!

Wengi hatujui kuwa hata cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka muuguzi asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na awe na leseni hai. Basi leseni hiyo ndiyo ibandikwe mapokezi, ikiwa na picha na namba, na Baraza lituwezeshe kuihakiki namba hiyo kwa ujumbe mfupi, bila malipo, hata kwa simu ya kitochi. Mama mkwe wangu hana intaneti, lakini kusoma anajua.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam