Barua ya wazi kwa mkuu wa ofisi ya vibali: Turudishieni milango ya madirisha yetu

Mheshimiwa,

YAH: MILANGO YA MADIRISHA YA MBAO ILIYOCHUKULIWA NA MAOFISA WAKO

Nakusalimu kwa heshima zote. Husika na somo tajwa hapo juu.

Barua za kawaida nimeshakuandikia, zikapitia serikali ya mtaa, zikagongwa muhuri wa kupokelewa masjala kwako. Jibu sijaona. Alhamisi iliyopita ndipo nilipowaona watu wa ofisi yako mlangoni kwangu. Waliandika SIMAMISHA kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa mbele, wakapakia garini milango ya madirisha ambayo fundi alikuwa ameishusha ili aitengeneze, wakaondoka. Usiku huohuo masika yakatuingilia chumbani. Ndiyo maana leo nakuandikia mbele ya watu wote.

Nieleze nyumba yenyewe, kwa sababu sidhani kama faili letu limewahi kufunguliwa. Iko Kisutu, ina ghorofa moja, kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na babu aliinunua kabla ya Uhuru. Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na mengi ya mitaa yetu yakaenda kwa Msajili wa Majumba, hii ilibaki mikononi mwetu kwa kuwa babu alikuwa akiishi humo mwenyewe na wanawe. Tangu hapo tunaitunza kwa jasho letu. Hatujawahi kuomba hata senti ya umma.

Madirisha yake ni ya milango miwili miwili, yenye vipande vya mbao vilivyolazwa mshazari. Maji ya mvua yanateremkia nje, upepo wa kusi unapita ndani. Umeme ukikatika mwezi Februari, majirani wa vioo na viyoyozi wanahamia barazani. Sisi tunafunga madirisha na kulala. Waliojenga mji huu wa joto na chumvi ya bahari walijua walichokuwa wakifanya.

Na mbao zenyewe hazijafa, Mheshimiwa. Fundi wetu, mzee wa Keko aliyeshika randa tangu ujana wake, alichomeka ncha ya kisu kwenye kila ubao huku nikimtazama. Juu kisu kiligoma kuingia. Kilizama kwenye ubao wa chini tu, pale maji yanapotuama, na pembeni mwa bawaba, ambako mtu fulani zamani alitoa skrubu za shaba akagongelea misumari ya chuma. Chuma kimekula kutu, kimevimba, kimepasua mti. Alikwangua rangi kidogo: chini ya krimu kukatokea kijani, chini ya kijani mvule mwekundu, mkavu, usio na tundu hata moja la dumuzi. Kazi yake ilikuwa kukata palipooza, kuunga kiraka cha mvule mkavu, kurudisha skrubu za shaba, kupaka mafuta na rangi, na kuipachika milango palepale. Hiyo ndiyo kazi iliyosimamishwa. Hakuna ukuta uliovunjwa. Hakuna tofali lililoongezwa.

Nilipofuatilia, ofisa mmoja aliniambia nyumba ni ya kale, haiguswi. Mwingine, katika ofisi hiyohiyo, akaniambia kibali kitatoka upesi nikikubali kuweka madirisha ya aluminiamu, kwa sababu mchoro wake upo tayari. Nishike lipi? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 naiheshimu, na ninashukuru kuwa ipo. Lakini siamini kwamba ilitungwa ili mwenye nyumba azuiwe kuunga kiraka cha mbao huku akikaribishwa kung'oa dirisha zima. Nenda Barabara ya Sokoine ulitazame Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid. Limesimama kwa sababu watu waliruhusiwa kulitengeneza.

Nyumba iliyokuwa ikipakana na yetu ilibomolewa kwa kijiko siku ya Jumapili. Milango ya madirisha yake, ya msaji mtupu, ilivunjwavunjwa ikawa kuni za mama lishe. Sikuona ofisa, wala gari, wala rangi nyekundu. Sitaki kumsingizia mtu. Ila kiwanja chetu sasa kimebaki katikati ya maghorofa, na wapo wanaokimezea mate. Mvua ikiingia misimu miwili mitatu, chokaa itamomonyoka, boriti zitaoza, na nyumba itaitwa hatarishi. Baada ya hapo sote tunajua kinachofuata. Kama si hivyo, basi niambie ni nini, kwa maana hakuna aliyenipa sababu nyingine.

Mheshimiwa, mwaka jana ulikuja kwenye mkutano wa mtaa wetu. Ulisema kwa kinywa chako kwamba anayekarabati nyumba ya zamani kwa mbao na chokaa, ofisi yako itamshika mkono. Tulikupigia makofi. Nilikuamini, na kwa kukuamini nikauza mashine yangu ya kushonea ili nimpe fundi malipo ya kwanza. Hizo fedha zimekwisha. Fundi anaogopa kurudi kwa sababu hata patasi zake zilibebwa.

Mama yangu ana pumu na analala chumba cha mbele juu. Tumeziba madirisha kwa turubai. Mchana chumba kinakuwa tanuri, usiku turubai linapigapiga na maji yanapenya pembeni, godoro halikauki. Anakohoa mpaka alfajiri. Nimemhamishia ukumbini, lakini kule nako unyevu umeshafika.

Nilikuja ofisini kwako kuitafuta ile milango. Nimeiona. Imelazwa chini uani, juu ya udongo, chini ya mwarobaini, bila hata karatasi ya kuifunika. Mbao zilizodumu tangu zama za babu zitapinda kwa majuma machache zikiendelea kulala hapo, na mchwa hawangoji kikao.

Nilikuwa na mengi ya kudai: kibali, maelezo, ukuta wetu usafishwe ile rangi. Hayo tutazungumza, nitakuja utakaponiita. Leo naomba jambo moja. Milango ile irudi, na patasi za mzee wa watu, ili ipachikwe hata kabla haijapakwa rangi. Kama hairudi wiki hii, basi agiza leo hii inyanyuliwe kutoka kwenye udongo, isimamishwe ndani penye paa. Hilo halihitaji kibali cha mtu yeyote isipokuwa neno lako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenye nyumba, Kisutu
Dar es Salaam