Kabla ya kupiga Windows upya, ulizeni kompyuta ilizimikaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu mwandishi wenu wa ukurasa wa teknolojia. Msomaji mmoja alimweleza kwamba kompyuta yake hujizima ghafla akiwa katikati ya kazi, na akiiwasha inalalamika kuwa faili za mfumo zimeharibika. Jibu alilopewa lilikuwa la mstari mmoja: aipeleke kwa fundi ikapigwe Windows upya, yaani ifutwe na kuwekewa Windows nyingine. Mimi ni mmoja wa mafundi wanaoletewa kompyuta hizo baada ya kupigwa Windows mara ya pili na ya tatu, kwa hiyo nimeona nisinyamaze.

Windows mpya haina uwezo wa kuzuia umeme kukatika ndani ya mashine. Faili zilizoharibika ni matokeo. Kuzibadilisha bila kutafuta kinachoizima kompyuta ni kupaka rangi ukuta unaovuja maji. Wiki chache zitapita, mteja atarudi na malalamiko yale yale. Kibaya zaidi, anayefomati diski anafuta pia rekodi za matukio ambazo zingemwambia fundi kilichotokea.

Kwanza tuelewane kwa nini kuzimika ghafla kunaharibu faili. Unapohifadhi kitu, au Windows inapojisasisha, data haiendi moja kwa moja kwenye diski. Inakaa kwanza kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kisha kwenye kache, hifadhi ndogo ya muda ya diski yenyewe, ndipo inaandikwa. Umeme ukikatika katikati, kilichokuwa njiani kinapotea. Mfumo wa faili wa NTFS, unaotumiwa na Windows, una daftari la kumbukumbu la kulinda mpangilio wake: majina, ukubwa, na mahali faili zilipo. Haulindi yaliyomo. Ndiyo maana unaweza kukuta faili ina jina sahihi na ukubwa sahihi, lakini ukiifungua ndani ni sifuri tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Diski za SSD (zisizo na sahani inayozunguka) za seva huwa na kapasita za akiba, yaani vifaa vidogo vinavyotunza umeme, zinazoipa diski muda wa kumalizia kuandika umeme ukikatika. Nyingi za watu wa kawaida hazina.

Swali langu la kwanza kwa mteja huwa ni: ilizimikaje? Wengi hunitazama kama nimewauliza kitendawili, maana kwao kuzima ni kuzima. Lakini kuna kompyuta inayokata kama iliyochomolewa kwenye soketi, feni zikanyamaza papo hapo. Kuna inayoonyesha skrini ya bluu, ile ya Windows kutangaza kosa zito, kwa kufumba na kufumbua kisha ikajiwasha, kwa kuwa ndivyo Windows ilivyopangwa. Mwenyewe anaapa kwamba "imejizima tu". Kuna inayoaga vizuri, ikafunga programu moja moja, maana yake kuna kitu kimeiamuru. Na kuna inayoganda, mwenye nayo akachoka kusubiri, akabana kitufe hadi ikazima. Huyu wa mwisho akifika kwangu hasemi kwamba alibana kitufe.

Bahati nzuri mashine yenyewe inasema. Fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha rekodi za matukio, nenda sehemu ya System, tafuta tukio namba 41 lenye jina Kernel-Power. Watu wakiliona hilo hudhani wamepata ugonjwa. Hapana. Linaandikwa kompyuta inapowaka tena na kugundua kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Ni taarifa ya msiba, haitaji aliyeua. Cha kutazama ni undani wake. Pale penye BugcheckCode pakiwa na 0, mara nyingi maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kujua kinachotokea: umeme ulikatika, au mashine iliganda kabisa. Pakiwa na namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu, na namba hiyo ni msimbo wake kwa hesabu ya kawaida ya desimali. Ukikuta 159, kwa mfano, ni 0x9F, na hapo unaanza kushuku draiva, yaani programu inayoendesha kifaa fulani, inayogoma kompyuta inapolala au kuamka. Ukikuta 292, ni 0x124, hitilafu iliyoripotiwa na vifaa vyenyewe. Na PowerButtonTimestamp ikiwa si sifuri, kuna mtu alibana kitufe. Yule aliyekaa kimya amejulikana.

Tukio 6008 litakupa saa ya kuzimika. Tukio 1074 ndilo la kuzima kwa amri, na linataja hata programu iliyotoa amri hiyo. Wenzangu wa zamani wanakumbuka Agosti 2003, kirusi cha Blaster kilipokuwa kikizima na kuwasha kompyuta za Windows XP dunia nzima. Kile angalau kilikuwa na adabu, kilimhesabia mtu sekunde 60. Kompyuta ikikata bila kukupa hata sekunde moja, usianze na kirusi.

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Ofisi moja ya uhasibu iliniletea kompyuta ya mezani iliyokwisha kupigwa Windows upya na fundi mwingine. Tukio 41 lilijaa, na BugcheckCode kila mara ni 0. Kwangu ilikaa siku nzima bila kuzima, nikaitwisha kazi nzito, ikatulia. Nikaenda kuitazama kazini kwake. Mhasibu akatuma karatasi ichapwe, printa ya leza ikaanza kupasha moto roli yake, taa ya mezani ikafifia kidogo, na kompyuta ikakata. Vyote vilichomekwa kwenye kebo moja ya kuongezea. Printa ya leza inapopasha moto roli hula umeme mwingi kwa mkupuo, volti ikashuka kidogo, na pawa saplai iliyochoka, yaani kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, haikuweza kuvumilia. Pawa saplai isiyo na kasoro inatakiwa kuishikilia kompyuta kwa milisekunde 16 hivi hata umeme ukiondoka kabisa. Ile haikuweza hata nusu ya hapo. Ukichungulia kwa kurunzi kupitia matundu yake unaona kapasita mbili zimevimba vichwa, moja ina ukoko wa kahawia. Mimi nilianzia kwenye redio, kapasita iliyokufa naitambua kwa harufu.

Nililazimika kumweleza mhasibu kwa nini mita yangu haikuonyesha kasoro. Kwenye waya wa volti 12 nilisoma 11.9, na kinachokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6. Mita ya mkononi haina kasi ya kutosha kuona mporomoko wa milisekunde chache. Kipimo cha uhakika ni kufunga pawa saplai nyingine unayoiamini na kurudia tukio lile lile. Tulifunga nyingine, printa ikahamia soketi yake, na hadithi ikaishia hapo. Niwaonye wanaopenda kujaribu: pawa saplai usiifungue. Kapasita kubwa ya ndani huweza kuwa na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Joto ni habari fupi zaidi. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi yenyewe, ikiendelea kupanda inakata umeme ili isiungue. Dalili yake ni kwamba inazima ikiwa na kazi nzito, na ukiiwasha hapo hapo inazima mapema zaidi. Fungua BIOS, programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows, nenda ukurasa unaoonyesha joto, uiache hapo. Ikizima ukiwa ndani ya BIOS, Windows haina hatia hata kidogo, maana haijawaka. Vumbi, feni iliyokwama, mafuta ya kupozea yaliyokauka juu ya prosesa: huko ndiko pa kutazama.

Kompyuta mpakato ina mambo yake. Kwa kuwa ina betri, kukatika kwa umeme wa ukutani hakupaswi kuizima, kwa hiyo ikizima kila umeme ukikatika, betri imekwisha. Nyingine inaonyesha asilimia 40 kisha inakata. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, utapata ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Na kama sehemu ya kugusia kipanya imeinuka au kava halifungi sawa, betri imevimba; acha kuitumia, usiibonyeze.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa kabisa, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Yeye, kama wengi, anachukulia kwamba kuzima ndiko kulikoharibu faili. Wakati mwingine si hivyo. RAM mbovu inaweza kuangusha Windows na pia kuharibu faili, kila moja kwa wakati wake. Data inapita kwenye RAM, biti moja, yaani 0 au 1 moja ya data hiyo, inageuka, na Windows inaandika kwenye diski kitu kibovu huku ikiamini ni kizuri. Hapo unaweza kumnunulia mtu UPS, kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, ya gharama yoyote, faili zitaendelea kuharibika na umeme haujawahi kukatika.

Jinsi ninavyotofautisha: naendesha sfc /scannow, amri ya Windows ya kukagua faili zake, kisha nasoma rekodi ya CBS.log ndani ya C:\Windows\Logs\CBS kuona ni faili zipi zimelalamikiwa. Faili zikiwa zile zile kila mara, nashuku diski. Zikiwa hizi leo na nyingine kesho, na mafaili ya zip yanakataa kufunguka kisha yanafunguka, nashuku RAM. Naweka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi, naiacha ipime usiku kucha. Kosa moja tu likitokea linatosha; usidanganywe na anayesema ni kidogo. Kama RAM iliongezewa kasi kwenye BIOS, irudishe kwenye kasi yake ya kawaida na upime tena kabla ya kuitupa. Kisha pima kijiti kimoja kimoja.

Diski nayo ihojiwe. Programu ya kusoma SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea, itakuonyesha namba 5, 197 na 198, zinazohusu sekta mbovu, na 199, ambayo mara nyingi inalaumu kebo na si diski. Nimeona watu wakitupa diski nzima kwa sababu ya kebo iliyolegea. Kwenye SSD za aina ya NVMe kuna hesabu ya Unsafe Shutdowns, yaani mara ambazo umeme umeondoka bila kuaga. Iandike namba hiyo leo, uisome tena baada ya siku kadhaa. Inamaliza ubishi wa mteja anayesema inazima kila siku na fundi anayesema haijazima.

Ikishajulikana chanzo na kurekebishwa, ndipo faili zitibiwe, na hata hapo si lazima kupiga Windows. Toa nakala ya data kwanza. Narudia, kwanza, hasa kama SMART ina dalili mbaya, kwa sababu chkdsk /r, amri ya kukagua na kurekebisha diski, husoma diski yote na inaweza kuimaliza diski iliyokuwa mahututi. Baada ya hapo endesha amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo inatengeneza ghala ambamo sfc huchukua faili salama, kisha sfc /scannow yenyewe. Ukianza na sfc wakati ghala nalo limeharibika, itakwambia imeshindwa, na watu wengi huishia hapo wakaenda kufomati. Wanaotumia Linux wana njia yao: amri ya journalctl -b -1 itawaonyesha mistari ya mwisho kabla ya kuzimika, na ikiwa imekatika bila neno lolote la kufunga, wanajua waelekee kwenye umeme au kwenye joto.

Sisemi kupiga Windows ni dhambi. Kuna siku rejista yenyewe, yaani ghala la mipangilio ya Windows, imeharibika kiasi kwamba haitengenezeki, na mimi pia ninapiga. Ila mwandishi wenu angemuuliza msomaji yule mambo mawili matatu kabla ya kumtuma kwa fundi: inazima ikifanya nini, inakata au inaonyesha bluu, na imetanguliwa na nini. Naomba toleo lijalo mumuulize.

Na kama msomaji huyo anasoma barua hii na bado hajaipeleka: nakili kazi zako leo, sitisha masasisho ya Windows kwenye mipangilio, maana kuzimika katikati ya sasisho ndiko kunakoharibu faili nyingi kwa mpigo, kisha fungua Event Viewer uandike kwenye karatasi namba iliyo mbele ya BugcheckCode. Karatasi hiyo mpe fundi pamoja na kompyuta. Akiikataa bila kuisoma, tafuta mwingine.

Wenu,
Fundi kompyuta na msomaji wa kila wiki