Barua kwa Mwanangu: Viatu vya Barafu Visilale Mkobani

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Thunder Bay, Kanada, wewe na yule mume wangu mdogo. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu huwa unanijibu "sawa, mama" kabla sijamaliza kusema, na jambo hili nataka ulisome mpaka mwisho. Viatu vya mtoto vya hoki ya barafuni visilale mkobani. Ile picha uliyonitumia juzi, mtoto akicheka kando ya gari, niliitazama nikauona mkoba ndani ya buti la gari, zipu imefungwa mpaka mwisho, na nikajua viatu vimo humo vibichi, na vile vifuniko vigumu vya plastiki vimevalishwa juu ya kile chuma cha kutelezea kilicho chini ya kiatu.

Vifuniko vile ni vya kutembelea tu, kutoka chumba cha kubadilishia nguo mpaka ukingo wa barafu, ili chuma kisikwaruzwe na sakafu. Ukivivalisha baada ya mchezo na kuviacha hivyo, maji ya barafu iliyoyeyuka hubaki ndani yake yakikilamba chuma usiku kucha, na asubuhi utakuta vidoa vya rangi ya chai. Nawe usidhani kutu ile ni ya juu juu. Ule ubapa wa chuma una unene wa milimita tatu hivi, na chini yake haukuchongoka kama kisu: una mfereji mwembamba katikati na makali mawili, moja kila upande. Makali hayo ndiyo yanayouma barafu mtoto anaposukuma mguu au kupiga kona. Kutu ikila upande mmoja, mguu humponyoka akiwa katika mbio, na wewe uliyekaa jukwaani utadhani mtoto hajui kuteleza.

Ndani ya kifurushi nilichokutumia utakuta vipande vya kanga kuukuu. Nimechagua ile iliyofuliwa mpaka ikalainika, kwa kuwa kanga mpya hainyonyi maji. Kaa naye palepale benchini, kabla hata hujamvua kofia, upanguse chuma pande zote mbili, halafu upitishe kitambaa pale chuma kinapoingia kwenye kishikizo cha plastiki, maana maji hupenda kujificha hapo. Kisha ukivalishe chuma zile soksi za taulo nilizozishona. Mkifika nyumbani, legeza kamba mpaka chini, vuta ulimi wa kiatu mbele, toa soli za ndani uzianike peke yake. Wala usiviweke juu ya kile chombo cha kupashia nyumba joto, mwanangu. Najua baridi ya huko inakutia haraka, lakini joto kali hulegeza gundi na kukipinda kiatu, na kiatu kilichopinda hakinyooki tena. Chumba chenye hewa kinatosha.

Sasa nije kwenye ribiti, ile misumari mifupi ya kugongwa chini ya kiatu, kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi. Kiatu cha kushoto, ribiti ya nyuma upande wa ndani, ilikuwa imeanza kulegea mlipokuwa mkifungasha, nami nilikuonyesha. Ribiti hizo ndizo zinazoshikilia kishikizo cha chuma kwenye soli, na adui yake ni maji yaleyale: hupenya chini ya soli ya ndani, yakatuama juu ya vichwa vya ribiti, kutu ikaanza, na tundu likapanuka. Kamata kiatu kwa mkono mmoja na kishikizo kwa mwingine, ukizungushe kidogo kulia na kushoto. Ukisikia mlio, au ukaona uwazi mwembamba unafunguka na kufunga kati ya plastiki na soli, mtoto asiingie barafuni nacho. Mpelekee fundi. Usipigilie msumari, usimimine gundi. Fundi wa viatu hivi ana chuma maalumu kinachoingia ndani ya kiatu mpaka kisiginoni. Huitoa ribiti mbovu na kugonga mpya kwa muda mfupi. Ukichelewa, tundu litazidi kupanuka mpaka ribiti ya kawaida isishike.

Ukiwa hapo, mwache anoe chuma pia. Kwa mtoto anayecheza kama huyu, kunoa kila baada ya saa 10 hadi 20 za barafuni kunafaa. Kwa uzito wake omba mfereji wa nusu inchi; hicho si kina chake, ni nusu kipenyo cha duara linalouchonga. Namba ikipungua, mfereji unakuwa na kina zaidi na chuma kinang'ang'ania barafu zaidi. Kabla hujalipa, kigeuze kiatu, laza sarafu juu ya makali mawili, uitazame kwa mbele: ikiinamia upande, makali hayako sawa, umrudishie. Mimi humwamini fundi anayeuliza uzito wa mtoto kabla hajawasha mashine. Anayekisukuma chuma kwenye jiwe kwa pupa hula ncha ya mbele na ya nyuma, umbo lake likaharibika.

Na lile wazo lako la kumnunulia viatu vikubwa ili avivae misimu miwili, liache. Raba za shule sawa. Kiatu cha barafu kikimpwaya, kisigino kinanyanyuka, mguu unalala upande na kiatu chenyewe kinavunjika kwenye kifundo cha mguu. Heri vilivyotumika vinavyomtosha kuliko vipya vinavyompwaya. Wala usidhani mtu hufika mbali kwa viatu vipya tu: hata kwetu, kwenye uwanja ule mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari jijini Nairobi uliofunguliwa mwaka 2005, vijana wa Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni, ambao baadhi yao walianzia kwenye viatu vya magurudumu, walifika mpaka Kanada mwaka 2018 wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa hoki wa huko.

Naona fahari, mwanangu, wewe unayetoka zamu ya usiku hospitalini ukampeleka mtoto uwanjani alfajiri. Lakini uchovu huo ndio unaonitia hofu, kwa sababu ndio unaouacha mkoba kwenye gari. Mfundishe yeye mwenyewe kupangusa. Ana miaka saba, anaweza.

Kamba mpya zimo kifurushini. Makopo ya tui la nazi nimeyafunga kwenye karatasi za magazeti, na lile sanduku tupu usilitupe: litoboe matundu pembeni uweke viatu humo karibu na mlango, penye hewa.

Ribiti ikishatengenezwa, toa soli ya ndani unipigie picha, nivione vichwa vyote. Jumapili asubuhi niko shughulini kwa jirani. Nipigie baada ya alasiri.

Mamako