Thamani ya benki ikishuka chini ya bei, mnunuzi asiachwe peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wanaotafuta nyumba Mombasa kwa mkopo jambo ambalo madalali wetu hulitaja arubuni ikiwa imeshalipwa, nalo ni kwamba benki haitazami bei mliyokubaliana peke yake, bali pia thamani atakayoiandika mthamini, na hukopesha kwa kufuata iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Mwaka jana mimi na mke wangu tulipatana na mzee mmoja wa Tudor bei ya shilingi 9,500,000. Benki ilikuwa tayari kutoa asilimia 80, nasi tulikuwa na akiba ya 1,900,000, mbali na fedha kidogo za wakili na ushuru wa stempu. Ripoti ilipotoka, nyumba ilithaminiwa 8,000,000. Mkopo ukashuka hadi 6,400,000, na sehemu yetu ikapanda hadi 3,100,000, fedha ambazo hatukuwa nazo wala hatukujua wa kumkopa.

Kilichotuokoa ni sharti ambalo wakili wetu alishikilia liingie katika mkataba wa mauzo, ingawa dalali alinung'unika kuwa tunamtia mzee wasiwasi bure: kwamba thamani ikiwa chini ya bei, pande mbili zitajadiliana upya, na zisipoafikiana mnunuzi atarejeshewa arubuni yake yote. Arubuni hiyo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, na asiye na sharti hilo aweza kuipoteza akijitoa. Mtu wa namna hiyo hajadiliani, anaomba.

Hata hivyo, mzee alihisi nimemvunjia heshima. "Mwanangu," akaniambia, "huyo mthamini amekaa hapa nusu saa, mie nimekaa miaka thelathini." Sikuthubutu kubishana na miaka hiyo. Niliacha kuitaja ile 8,000,000, nikamsomea sababu: nondo za slabu ya juu zimeliwa na kutu, maradhi ya nyumba nyingi zinazopigwa na upepo wa chumvi, chumba cha uani kilijengwa bila idhini ya kaunti, na ardhi ni ya kukodi, tena miaka iliyosalia katika hati si mingi. Yeye akanionyesha bei za nyumba za majirani zilizotangazwa, nami nikamweleza kwa adabu kuwa mthamini hutafuta bei iliyolipwa, si iliyoombwa. Ilituchukua wiki mbili na vikombe vingi vya kahawa. Tuliishia 8,600,000, yaani sisi tukatafuta 300,000 juu ya akiba yetu, naye akabeba gharama za kukihalalisha kile chumba.

Sizungumzii zile nyumba za Majengo ambapo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Hizo zina mashaka yake. Wala mthamini wa benki asichanganywe na yule wa serikali, ambaye hesabu yake ni ya ushuru wa stempu, asilimia 4 mijini.

Ninawaomba madalali wasipokee arubuni ya mnunuzi wa mkopo kabla nyumba haijathaminiwa, au basi wakubali sharti kama letu bila kununa. Wauzaji nao wangeweza kumwita mthamini aliyesajiliwa kabla ya kutangaza bei. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na miezi inayopotea mauzo yakivunjika. Na mabenki yampe mnunuzi nakala ya ripoti, kwa kuwa ndiye anayeilipia. Mimi niliisoma yetu kwenye meza ya afisa wa mikopo, na zile sababu nilizomsomea mzee nilikuwa nimezinakili kwa kalamu nyuma ya risiti ya ada hiyo hiyo.

Msomaji wako,
Tudor, Mombasa